Kufuli Mbili za Isungabula

Paa! Mlango wa chuma ukajibamiza, na kufuli mbili zikabanwa kwa nje.

Mliosoma Jumamosi iliyopita mnaikumbuka sauti hiyo. Dada mmoja muuguzi wa Kolandoto ameniandikia kwamba tangu siku ile chakula hakimshuki, na kwamba nikimuua Inspekta Pantaleo hatalinunua tena gazeti hili. Dada, punguza hasira. Simuui. Nitamfanyia lililo baya zaidi.

Na wewe wa Ngokolo uliyeliokota gazeti leo kwa kuwa limefungiwa karanga, sikuachi njiani. Pantaleo Bujiku alikuwa mtaalamu mkuu wa ulinzi katika ofisi ya serikali ya Shinyanga inayolinda madini. Alitumwa mgodi wa Isungabula, huko Geita, kwa sababu dhahabu ilikuwa ikitoka na hakuna aliyeiona ikitoka. Masanduku matatu yalifika safari yake yakiwa na lakiri, ile nta ya muhuri, nzima kabisa. Kuyafungua, kokoto tupu! Asubuhi hiyo Pantaleo aliingia peke yake katika stoo ya dhahabu kukagua sanduku la nne. Akakuta lakiri imevunjwa na dhahabu haipo. Alipogeuka, mlango ukafungwa.

Sasa tuendelee.

Alirukia mlango, akaupiga kwa viganja mpaka vikamwasha.

"Nani huko nje?"

Akasikia visigino vya buti vikigongana. Mtu alikuwa anapiga saluti.

"Ni mimi, afande. Askari Sikujua."

"Unampigia nani saluti?"

"Wewe, afande."

"Mimi niko ndani! Unaupigia mlango saluti! Fungua."

Sikujua alikuwa askari aliyerudi salama kutoka vita vya Burma, na mwenyewe alisema alirudi kwa sababu moja tu: alitii kila alichoambiwa.

"Afande, naomba radhi. Amri ya tisa."

Pantaleo akauachia mlango. Amri ya tisa aliiandika yeye. Alipoisoma mbele ya wakubwa kule Shinyanga walimpigia makofi. Ilisema hivi: stoo ikifungwa huku kitu kimepotea, haifunguliwi mpaka Bwana Mkubwa afike mwenyewe, hata kama sauti inayotoka ndani ni ya mkuu wa ulinzi.

"Sikujua, sikiliza. Ni mimi. Unaijua sauti yangu."

"Sauti ni yako, afande. Lakini na amri nayo ni yako. Ulinikaririsha siku tatu, na siku ya pili ulininyima chakula kwa kusahau neno 'hata'."

"Ufunguo wangu ninao hapa mfukoni. Nakupitishia kwenye kitundu hiki."

"Ufunguo mmoja haufungui kufuli mbili, afande. Na hilo pia ni lako, amri ya kwanza."

"Wa pili uko kwa Herman! Ndiye tuliyefungua naye asubuhi! Mwite Herman!"

"Yeye ndiye aliyeufunga mlango, afande. Kaenda kumpigia simu Bwana Mkubwa, Bwana Kelsi, aliyefikia bomani Geita. Kasema umevunja lakiri."

Ehe! Mnaona? Herman alikuwa msaidizi wa Pantaleo, mtu wa huku huku kwetu, mpole, mwenye maneno ya asali. Pantaleo alimpa yeye ufunguo wa pili kwa sababu, alisema, mtu asiyepandisha sauti hana la kuficha. Nyie mliosoma toka mwanzo mlipiga kelele siku ile. Hakusikia.

Stoo ile haikuwa na dirisha. Palikuwa na kitundu tu cha kupitisha hewa, upana wa kiganja, kimezuiwa kwa nondo. Kuta aliagiza ziongezwe unene. Mlango alisema uwe wa chuma ambacho nyundo ya mtu mzima itakigonga kutwa nzima kisipinde. Akauegemea mlango huo, akaanza kutokwa jasho.

Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti siku hiyo, nacho alikisikia bila kukisikia. Pampu ya kutoa maji mashimoni, ambayo ilinguruma usiku na mchana mpaka watu wakaizoea, ilikuwa imenyamaza. Na kwa vile ilikuwa imenyamaza, mlio mwingine mdogo ulifika mpaka stoo kwa njia ya bomba lililopita nyuma ya ukuta.

Ngo. Ngo. Ngo.

Halafu kimya. Halafu tena. Ngo. Ngo. Ngo.

"Mafundi wa karakana wanaitengeneza pampu," akajisemea, akaachana nao. Alikuwa na yake.

Saa nne, Klara akaja.

Huyo ndiye mkewe, mama wa mtoto wao Paskazia. Sikujua alijaribu kumzuia, lakini hakuna amri iliyoandikwa kuhusu wake za wakubwa, na asiyeandikiwa hazuii. Akamwachia akae chini ya kitundu.

"Baba Paskazia! Nasikia umeiba. Kweli umeiba?"

"Mama Paskazia, nawe unaniuliza hivyo?"

"Nakuuliza ili unijibu hapana, nikawatukane vizuri."

"Hapana."

"Haya. Basi." Akavuta kamasi. Alikuwa analia, lakini kwa hasira. "Leo siku gani hii jamani? Wewe umo humo. Onesmo haonekani tangu jana alfajiri. Na Mayu tangu jana hatii kitu kinywani."

Onesmo alikuwa kitinda mimba wa nyumba ya kina Klara, mchimbaji, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye ndevu zake. Alikuja na mama yao, ambaye wanawe walimwita Mayu, kutoka Masumbwe miezi minane nyuma. Yeye alipata kazi ya kuchimba. Mama alipata ruhusa ya kuwapikia wachimbaji uji.

"Onesmo atakuwa kwenye pombe," Pantaleo akasema.

"Onesmo hanywi, na wewe unajua hanywi. Mayu nimemwambia leo pumzika, hakutaka. Kaja na uji wake. Watu wamekunywa, umekwisha, nikachukua chungu nikisuuze. Kanipiga mkono! Mimi, mtu mzima na mtoto wangu, napigwa mkono kwa ajili ya chungu."

"Kwa nini?"

"Nitajuaje? Akakitwika mwenyewe, magoti yakamtetemeka. Nikasema lete nikusaidie, nikakinyanyua kidogo tu. Baba Paskazia, kiuno kiliniuma. Chungu kitupu, chini kuna ukoko tu, lakini kizito utadhani kimejaa mawe. Nacho nakijua tangu niko msichana."

Pantaleo akashika nondo za kitundu kwa mikono miwili.

"Unanisikia?"

Alimsikia sana.

Sasa hapa, ndugu msomaji, nisikilize. Wewe uliyeoa Usukumani sina la kukufundisha. Mkwe hatazamwi usoni. Jina lake hulitaji. Ukikutana naye njiani unaingia vichakani mpaka apite, na chombo chake hukigusi. Jina la mama huyu mimi naweza kulitaja, maana si mkwe wangu: aliitwa Nyamizi. Pantaleo miaka minane ya ndoa hakuwahi kulitamka, na uso wake hakuujua ila kwa kuambiwa kwamba Klara amefanana naye.

Kila siku saa sita wafanyakazi walipotoka, kila mmoja alipekuliwa getini. Nywele, mdomo, viatu, pindo za nguo. Pantaleo alisimamia mwenyewe, na aliwapekua mpaka wazee, mpaka padri aliyekuja kubariki mashine. Lakini alipomwona mama mkwe anakuja na chungu kichwani, alizunguka nyuma ya kibanda cha walinzi akatazama ukuta mpaka apite. Nao askari, wakimwona mkubwa wao amejificha kwa heshima, nani angethubutu kumwambia mama huyo teremsha chungu? Hakuna aliyethubutu. Walimwamkia shikamoo, akapita.

Bwana Kelsi, Mzungu, asingefanya kosa hilo. Mkwe wake angempekua hata meno ya bandia. Lilihitaji mtu wa kwetu kulifanya, na mtu wa kwetu kuliona.

"Mama yako yuko wapi sasa?" Pantaleo akauliza.

"Getini. Sikujua kafunga geti, hakuna anayetoka mpaka Bwana aje. Kasimama juani na chungu chake, hataki kukitua."

"Nenda kakae naye."

"Nikamwambie nini?"

Ulimi ulimwasha. Mwambie akimwage chooni! Neno moja tu, mkewe angekwenda, dhahabu ingepotea shimoni na mama angepona. Lakini na ushahidi ungepotea nao, na yeye angebaki mwizi. Na tena, kumwambia Klara ni kumwambia, "mama yako ni mwizi". Angeanzaje?

"Usimwambie kitu," akasema. "Nenda tu."

Klara hakufika mbali. Herman alikuwa anakuja. Walipishana pale kwenye ngazi, na Herman akamvulia kofia.

"Pole, shemeji. Mungu ni mwema."

Akamwambia Sikujua aende getini akahesabu watu. Sikujua akapiga saluti, akaenda. Herman akabaki peke yake chini ya kitundu, rundo la funguo likimlia kiunoni, akazungumza taratibu kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Kaka."

"Herman, mwanaharamu wewe! Fungua!"

"Usijichoshe, kaka. Bwana Kelsi yuko njiani. Saa saba atakuwa hapa. Nimekuja tupange."

"Nipange na mwizi?"

"Mimi ni mwizi, nakubali, tuko wawili tu hapa. Lakini dhahabu haimo mwilini mwangu. Nipekue utakavyo. Unajua imo wapi?"

Pantaleo akajiondoa kwenye kitundu.

"Ah. Unajua. Klara amekwambia habari ya chungu." Herman akacheka kidogo. "Kaka, mimi nilikuheshimu tangu siku ya kwanza. Nilikisoma kitabu chako cha amri chote, usiku kucha, nikitafuta pa kupita. Hakuna! Umeziba kila tundu. Nikakaribia kukata tamaa. Halafu siku moja nikakuona umekimbilia nyuma ya kibanda, unatazama ukuta, na mama anapita. Nikasema, Bwana asifiwe."

"Mama yule hajui anachobeba."

"Anajua. Mwanzo hakujua, sasa anajua. Sikiliza. Bwana akifika, nina maneno mawili. La kwanza: nitasema, Bwana, tuwapekue wote walioko getini, tuanze na yule mama mwenye chungu. Atakwenda jela yeye, na wewe utakwenda naye, maana ni mkwe wako na ndiwe uliyekuwa unampisha. Klara atabaki hana mama wala mume. La pili: wewe unasema, ni mimi, nilishikwa na tamaa. Mama anapita geti kwa heshima zake. Unafungwa peke yako."

"Na dhahabu?"

"Dhahabu inapita na mama. Ndiyo ya mwisho. Sitamsumbua tena."

Bomba likalia nyuma ya ukuta. Ngo. Ngo. Ngo. Herman alinyamaza mpaka likaisha.

"Chagua, kaka," akasema, "lakini usichelewe."

Akaondoka zake.

Pantaleo akakaa juu ya sanduku. Miaka kumi na minne ya kazi! Alianza akiwa mlinda lango asiye na viatu, akapanda mpaka akavaa nyota, Mwafrika pekee katika ofisi ile aliyeitwa mezani kushauri. Alijua kufuli za kila aina. Alijua mwizi anavyofikiri. Na sasa, akipiga hesabu huku na huku, kila mlango alioufikiria aliukuta ameufunga yeye mwenyewe. Akalia. Nasema alilia, na anayemcheka ajaribu kukaa pale.

Saa saba kamili Land Rover ya Bwana Kelsi ikaingia. Geti likafunguliwa likaachwa wazi, walinzi wawili wamesimama katikati kuzuia watu. Dereva akaiacha inanguruma, maana stata ilikuwa imekufa na ukiizima lazima isukumwe na watu sita. Akashuka kutafuta maji ya kunywa.

Pantaleo akapitisha ufunguo wake kwenye kitundu, na kufuli mbili zikafunguliwa. Mwanga ukamchoma Pantaleo machoni.

Bwana Kelsi alikuwa mzee mwembamba, mkuu wa ofisi ya Shinyanga, aliyempenda Pantaleo kwa namna yake. Uso ulikuwa mwekundu kwa jua na kwa aibu.

"Inspekta, mimi nasikitika sana. Herman anasema mambo mabaya. Mimi nataka kusikia kwako. Nani amechukua?"

Herman alisimama nyuma ya Bwana, kichwa amekiinamisha kama mtu aliye msibani. Polepole akageuza macho kuelekea getini.

Pantaleo naye akatazama getini, miguu tu. Aliona miguu ya mama mzee, imepasuka visigino, inatetemeka chini ya mzigo. Hakupandisha macho zaidi ya hapo.

"Ni mimi, Bwana," akasema.

"Afande, hapana!" Sikujua akapiga kelele. Klara akaanguka chini mavumbini akishika kichwa.

"Dhahabu iko wapi?" Bwana Kelsi akauliza.

"Nitasema nikifika bomani."

Basi. Herman akamvua mkanda kwa mkono mwepesi. Akamwondolea nyota za mabegani. Ufunguo wa Pantaleo wa stoo akautia katika rundo lake. Akamfunga pingu, na ufunguo wa pingu nao akautia humo humo.

"Pole, kaka," akamnong'oneza. "Umechagua vizuri."

Wakamwongoza kuelekea kwenye gari. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga pande mbili, mamia, hakuna anayekohoa. Wengine aliwahi kuwapekua midomo asubuhi na mchana, na hawakumpenda. Lakini siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Mama huyu mzee apite kwanza," Herman akaita kwa sauti ya huruma. "Jua kali, na shauri limekwisha. Mpisheni atoke!"

Walinzi wakampisha. Njia ikawa wazi. Na kwa kuwa mama mkwe alikuwa mbele yake, hatua tano tu, Pantaleo akafanya alichokuwa akifanya kila siku. Na pingu mikononi, nyota zimevuliwa, akageuka akautazama ukuta wa kibanda.

Hapo ndipo baadhi ya watu walipoanza kulia.

Mama hakupita.

"Pita, mama," Herman akasema.

Hakupita.

"Pantaleo."

Watu wakashtuka. Mama mkwe amemtaja mkwewe jina! Mbele ya watu!

"Pantaleo, nitazame."

Hakugeuka. Shingo ilikuwa ngumu kama gogo.

Mama Nyamizi akakishika chungu kwa mikono miwili, akakiinua kutoka kichwani, akakibwaga chini. Kikapasuka vipande vipande. Ukoko ukatawanyika, na katikati ya ukoko, kikiwa kimepakwa uji, kikaviringika kipande cha dhahabu kikubwa kuliko ngumi.

"Miezi mitatu!" mama akasema. Sauti haikuwa kubwa, lakini ilisikika mpaka mwisho wa mstari. "Miezi mitatu nabeba hiki mbele yako. Kila nikifika hapa napunguza mwendo. Napita taratibu, nasema leo atageuka. Kusema nawe siwezi, mila hairuhusu, na Klara nilitishwa nisimwambie. Ungenitazama usoni mara moja tu, mwanangu, ungeona nalia."

Pantaleo akageuka.

Ni kweli, alifanana na Klara. Ila macho yalikuwa yamevimba, na mashavu yana michirizi ya zamani na ya leo.

"Aliyenibebesha ni huyu!" mama akamwoneshea Herman kidole. "Nilinyamaza kwa ajili ya mtoto niliyemzaa. Sasa anafungwa mtoto niliyepewa. Siwezi wote wawili! Jana nilikataa kubeba, akamchukua Onesmo wangu, akamshusha shimo namba nne akamfungia. Akasema dhahabu ya mwisho ikitoka, na Onesmo anatoka."

"Shimo namba nne?" Bwana Kelsi akageuka. "Lile la kufuli mbili? Herman!"

Herman hakuwepo nyuma yake.

Mlango wa Land Rover ukabamizwa. Gari lililokuwa linanguruma likaruka, walinzi wa getini wakajitupa kando, na geti lilikuwa wazi, limefunguliwa kwa ajili ya mkubwa. Sikujua akainua bunduki, akafyatua. Haikulia. Amri ya saba: risasi zikae stoo. Akaitupa bunduki chini akaanza kukimbiza gari kwa miguu, mtu mzima wa Burma, mpaka vumbi likammeza.

Gari likashika njia ya Masumbwe. Ndani yake, kiunoni mwa Herman, zilikwenda funguo zote: za stoo, za pingu, na mbili za shimo namba nne.

"Lipigwe nyundo!" Klara akalia. "Mlango uvunjwe!"

Pantaleo alisimama pale pale. Mlango wa shimo lile aliuagiza yeye, chuma kile kile cha stoo. Mtu mzima ataugonga kutwa nzima.

"Tuna muda," Bwana Kelsi akasema. "Kijana ana hewa. Tutapata fundi Geita, tutakata kesho."

"Bwana," Pantaleo akasema polepole, "pampu."

Wote wakasikiliza. Hapakuwa na mngurumo wowote.

"Nani aliizima pampu?"

Mzee mmoja wa karakana akajibu kwa woga. "Herman, afande. Jana jioni. Alisema shimo namba nne halina mtu."

Maji ya shimo lile, pampu ikisimama, hupanda kimo cha mtu kwa siku moja. Hilo kila mtu pale alilijua, na mama alilijua. Akayumba, na aliyemdaka kabla hajaanguka ni mkwewe, kwa mikono iliyofungwa pingu. Hakuna aliyeshangaa tena.

Na hapo Pantaleo akakumbuka. Bomba. Bomba linalopita nyuma ya stoo linatoka shimo namba nne. Mafundi hawakuwa wanatengeneza kitu. Kila mchimbaji wa Isungabula hufundishwa siku ya kwanza: ukipatwa na hatari gonga bomba mara tatu. Aliyeamuru wafundishwe hivyo ni yeye. Na alikaa mle asubuhi nzima akisikia.

"Iwasheni pampu!" akapiga kelele huku anakimbia. "Leteni nyundo zote!"

Wakamfuata, mama ameshikiliwa na Klara, Bwana Kelsi kofia imemdondoka. Pantaleo akafika nyuma ya stoo, akapiga magoti, akabandika sikio kwenye bomba, akainua mikono yake yenye pingu watu wanyamaze.

Mamia ya watu wakanyamaza.

Ngo.

"Yu hai!" Klara akasema.

Ngo.

Mama Nyamizi akapiga magoti kando ya mkwewe, akaweka kiganja juu ya bomba, wakatazamana usoni, wakingoja pigo la tatu.

Halikuja.